Uliza Ujibiwe: Herakles na wanyama wasiouawa kwa nguvu tupu

Katika toleo lililopita tulisimulia kwa ufupi kazi kumi na mbili za Herakles, yule shujaa wa Wagiriki ambaye Warumi walimwita Hercules. Barua zilizofuata zinataka undani ambao muhtasari ule haukuwa na nafasi nao: pigo lipi lilishindikana, lipi lilifaulu, na kwa nini. Tumejibu kwa kumfuata zaidi Apollodorus, mwandishi wa kale wa Kigiriki, ambaye kitabu chake kinapanga kazi hizo kwa utaratibu ulio wazi kuliko vingine. Pale washairi wengine wanapotofautiana naye, tumesema.

Kwa asiyesoma toleo lile: Herakles ni mwana wa Zeus, mkuu wa miungu ya Wagiriki, kwa mwanamke wa kibinadamu, Alkmene. Hera, mke wa Zeus, alimchukia tangu hajazaliwa, na baadaye akamtia wazimu hata akawaua wanawe mwenyewe. Fahamu zilipomrudia alikwenda kwenye hekalu la uaguzi la Delphi kuuliza afanyeje. Akaambiwa akamtumikie Eurystheus, mfalme wa Tiryns, na atende kila atakaloamrishwa.

Mhariri, salaam. Simba wa Nemea yasemekana alikuwa hapenyeki kwa chuma. Basi aliuawaje, na ngozi yake ilichunwaje hata ikawa vazi? Wajukuu zangu huwasimulia habari za Fumo Liyongo, nao wameniuliza kama huyu Mgiriki pia alikuwa na siri kitovuni. — Bibi, Mji wa Kale

Bibi, shikamoo. Siri ya kitovu ni ya Liyongo, aliyedungwa na mwanawe kwa sindano ya shaba. Kwa Wagiriki mambo yamegeuka: asiyepenyeka ni mnyama, na shujaa ana ngozi ya kawaida inayotoka damu. Waambie wajukuu hivyo kabla ya kuanza, kwa sababu bila hilo hawataona hatari ilikuwa wapi.

Herakles alianza kama mwindaji yeyote, kwa uta. Mshale haukumwingia simba. Akashika rungu akamfukuza, na simba akakimbilia pangoni. Pango hilo lilikuwa na midomo miwili, na hapa wasimuliaji wengi huruka jambo kubwa: Herakles hakumfuata mbio ndani. Aliuziba mdomo mmoja kwanza, kisha akaingia kwa ule wa pili. Angeingia bila kuziba, simba angetokea upande wa pili na mbio zingeanza upya. Ndani akamtia mkono shingoni akamkaba mpaka akakata roho. Ngozi ile ilizuia ncha na makali, lakini haikuweza kuzuia pumzi kukatika.

Mshairi Theocritus, wa karne ya 3 KK, anaueleza mkabo wenyewe kwa karibu zaidi. Kwake rungu la mzeituni mwitu lilivunjika vipande viwili juu ya fuvu la simba. Simba akayumba kwa kizunguzungu, na Herakles akamwahi kabla hajazindukana. Alimkaba kwa nyuma ili kucha za mbele zisimfikie, na akaikanyaga miguu ya nyuma kwa visigino vyake ili isimrarue.

Kuchuna nako kulikuwa kazi. Chuma hakikukata, jiwe halikukata. Mungu mmoja, anasema Theocritus, akamtia wazo la kutumia kucha za simba mwenyewe, na ngozi ikakubali.

Liko jambo moja wajukuu watalipenda. Njiani Herakles alilala Kleonai kwa kibarua mmoja maskini, Molorchus, aliyetaka kuchinja mnyama wa sadaka. Herakles akamwambia angoje siku 30: nikirudi salama, mchinjie Zeus Mwokozi; nisiporudi, nichinjie mimi kama shujaa aliyekufa. Alirudi siku ya mwisho, mwenyeji wake akijiandaa kumchinjia yeye. Na Eurystheus alipouona mzoga, aliingiwa na hofu kiasi cha kumkataza Herakles asiingie tena mjini. Alijitengenezea kasiki la shaba la kujifichia chini ya ardhi, na amri zake akazituma kwa tarishi aitwaye Kopreus.

Nawatayarisha wanafunzi wa gredi ya sita kwa mchezo wa jukwaani kuhusu Hydra, lile joka la vichwa vingi. Vichwa ni vingapi hasa? Na huyu Iolaus, si ni mwendesha gari tu? Naweza kumwondoa nipunguze wahusika? — Mwalimu, Likoni

Mwalimu, usimwondoe Iolaus. Ukimwondoa, mchezo hauna mwisho, kwa sababu Herakles peke yake alikuwa anashindwa.

Tuanze na vichwa. Apollodorus anataja tisa: vinane vya kufa, na cha katikati kisichokufa. Washairi wengine wana hesabu zao. Simonides alisema hamsini. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 aliyefika Lerna mwenyewe, aliamini kwamba nyoka yule alikuwa mkubwa na mwenye sumu kali lakini wa kichwa kimoja tu, na kwamba mshairi Peisander ndiye aliyemwongezea vichwa ili atishe zaidi. Kwa jukwaa shika tisa. Ndiyo hesabu inayobeba kisa, maana bila kile kisichokufa huwezi kueleza lile jiwe la mwisho.

Mpangilio wa pambano ni huu. Hydra aliishi kwenye kinamasi cha Lerna, na tundu lake lilikuwa kilimani karibu na chemchemi za Amymone. Herakles alifika kwa gari la farasi, Iolaus, mwana wa nduguye, akiendesha. Hakuingia tunduni. Alirusha mishale yenye moto mpaka joka likatoka, kisha akalishika. Nalo likamzonga mguu mmoja, likamng'ang'ania. Akawa anaviponda vichwa kwa rungu, na kosa likaanzia hapo: kila kichwa kilichopondwa kilitoa viwili. Waonyeshe watoto hesabu yake ubaoni. Kila pigo linaondoa kimoja na kuleta viwili, kwa hiyo linaongeza kimoja. Akiviponda vinane vyote mara moja moja, anabaki na kumi na sita, pamoja na cha katikati, jumla kumi na saba. Kadiri anavyopiga vizuri ndivyo anavyozidi kushindwa. Wakati huohuo kaa mkubwa akatoka majini kulisaidia joka, akamuuma mguu. Akamuua kaa, kisha ndipo akamwita Iolaus.

Kazi ya Iolaus ilikuwa moto. Alichoma sehemu ya msitu wa karibu, akachukua vienge na kuunguza shina la kila kichwa ili kingine kisichipuke. Utaratibu ni pigo, kisha kienge papo hapo. Kienge kikichelewa vichwa vinaota. Kikitangulia hakina cha kuunguza. Vilipokwisha vya kufa, Herakles akakata kile kisichokufa, akakizika kando ya njia itokayo Lerna kwenda Elaious, na kukiwekea jiwe zito juu. Hakukiua, kwa kuwa hakifi. Halafu akalipasua joka na kuchovya mishale yake katika nyongo yake. Tendo hilo la mwisho lisiachwe, hata kama muda umebana. Tutalirudia chini katika jibu la msomaji wa Mtwapa.

Jukwaani, watoto tisa wanatosha. Tandaza shuka la kijani, likamatwe pembeni na wawili wengine, na watoto wanane wachuchumae nyuma yake, kila mmoja akiwa amevaa soksi iliyochorwa macho mikono yote miwili, lakini akiinua mkono mmoja tu. Rungu likigusa, mkono unashuka, na baada ya pumzi moja inapanda yote miwili. Soksi ni kumi na sita, na ya katikati moja kubwa ya rangi nyingine kwa mtoto wa tisa. Iolaus abebe kitambaa chekundu kwenye kijiti, si moto wa kweli. Kikigusa, mikono inashuka na hairudi. Kinachoharibika mara nyingi ni watoto kuinua soksi zote mapema kwa furaha. Fanyeni mazoezi kwa ngoma: pigo moja kushuka, mapigo mawili kupanda. Na yule kaa mpe mtoto mdogo kuliko wote, aingie kwa kutambaa upande.

Wakuu, nachora matatu. Mwenye gari anataka yule mbwa wa kuzimu nyuma na Herakles ubavuni. Mbwa ana vichwa vitatu au vipi? Sitaki kukosolewa steji. — Mchoraji, Kisauni

Kaka, chora vitatu. Apollodorus anasema Kerberos alikuwa na vichwa vitatu vya mbwa, mkia wa joka, na mgongoni vichwa vya nyoka wa kila aina. Hao nyoka ndio wanaosahauliwa, na ndio watakaoitofautisha kazi yako na picha za kila mahali. Akija mjuzi akakwambia mshairi wa kale Hesiod ametaja hamsini, ni kweli ametaja, lakini wachoraji wa kale wenyewe hawakuthubutu. Vyombo vingi vya udongo vya Athens vinamwonyesha na viwili tu. Kwa rangi, uko mtungi mmoja wa takriban 525 KK, sasa uko katika makumbusho ya Louvre, Paris, ambao vichwa vyake vitatu vina rangi tofauti, nyoka wamechipuka puani na miguuni, na Eurystheus ameinua mikono kwa hofu ndani ya kasiki lake. Mpango huo utakaa vizuri sana mgongoni mwa gari.

Herakles wa ubavuni: kichwa cha simba kinakaa juu ya kichwa chake na uso unachungulia kati ya taya, miguu ya mbele ya ngozi imefungwa fundo kifuani. Rungu mkononi, uta na podo mgongoni. Ila ukimchora akipambana na Kerberos, mnyang'anye silaha. Hades, mungu wa kuzimu, alimruhusu kumchukua mbwa kwa sharti kwamba amshinde bila silaha alizokuja nazo. Alikuwa na dirii na ngozi ya simba tu, akamkumbatia mbwa shingoni na hakumwachia hata alipoumwa na lile joka la mkiani. Kisha, baada ya kumwonyesha Eurystheus, akamrudisha kuzimu. Upanga mkononi katika tukio hilo ni kosa ambalo mtu wa steji anaweza kukukosoa kwa haki.

Rafiki yangu anadai ndege wa Stymphalos walirusha manyoya yao kama mishale. Ni kweli? — Mwanafunzi, Tudor

Ndege wanaodondosha manyoya makali wamo katika kisa kingine, cha baharia Jason na wenzake, katika kisiwa cha Ares, mungu wa vita, na simulizi nyingi zimechanganya makundi hayo mawili. Kwa Apollodorus shida ya Stymphalos ilikuwa wingi wao na mahali walipojificha. Walijazana katika msitu mzito kando ya ziwa, na kutoka hawakutoka. Mshale haufai kwa ndege asiyeonekana.

Mungu wa kike Athena akampa matoazi ya shaba yaliyofuliwa na Hephaistos, mungu mhunzi. Herakles akapanda mlima unaolitazama ziwa, akayagonganisha, ndege wakashindwa kuvumilia kelele wakaruka, naye akawatungua hewani. Aliyewahi kuamia ndege katika shamba la mpunga anaijua nusu ya kwanza ya mbinu hii, debe na fimbo. Tofauti ni kwamba muamiaji anataka ndege waende zao, na Herakles alitaka waruke wakiwa ndani ya masafa ya uta. Ndiyo sababu ya kusimama juu. Pausanias anasimulia ndege wa jina hilohilo walioishi jangwa la Arabuni, wakubwa kama korongo, wenye midomo inayotoboa dirii ya shaba. Ziwa Stymphalia lenyewe lipo mpaka leo katika milima ya ile iliyokuwa Arkadia ya kale, kusini mwa Ugiriki.

Mbona wengine husema kazi zilikuwa kumi? — Msomaji, Changamwe

Zilipangwa kumi, na Apollodorus anasema alizimaliza kwa miaka minane na mwezi mmoja. Eurystheus akazikataa mbili: ya Hydra kwa sababu Iolaus alisaidia, na ya kusafisha zizi la mfalme Augeias kwa sababu Herakles alipatana malipo. Akaongezewa mbili, matufaha ya dhahabu na Kerberos. Katika hekalu la Zeus huko Olympia, lililokamilika mnamo 457 KK, kazi zimechongwa kumi na mbili, na kuanzia hapo hesabu hiyo ndiyo iliyozoeleka.

Je, aliwaua wanyama wote? Binti yangu anampenda paa mwenye pembe za dhahabu na hataki kusikia alikufa. — Mama, Bamburi

Hakufa, dada. Paa jike yule alikuwa wa mungu Artemis, na amri ilikuwa kumleta hai. Herakles alimfuata mwaka mzima, akampata alipotaka kuvuka mto Ladon, akamjeruhi kwa mshale na kumbeba mabegani. Njiani akakutana na Artemis amekasirika. Akajitetea kwamba alilazimishwa na Eurystheus, akaachiwa apite.

Nguruwe wa Erymanthos pia aliletwa hai: alimtoa kichakani kwa makelele, akamfukuzia kwenye theluji nzito mpaka akachoka, ndipo akamtia kitanzini. Fahali wa Krete alikamatwa hai akaachiliwa, akazurura mpaka Marathon, na baadaye shujaa mwingine, Theseus, ndiye aliyemaliza habari yake. Farasi wa mfalme Diomedes, waliolishwa nyama ya watu, waliletwa hai vilevile. Hiyo mwachie binti mpaka akue kidogo, kwa sababu kijana Abderos aliyeachiwa kuwashika waliburura mwili wake hata akafa, na Herakles akajenga mji wa Abdera kando ya kaburi lake.

Mmewahi kuandika kwamba Hydra ndiye aliyemuua Herakles. Vipi, na joka lilikufa zamani? — Msomaji, Mtwapa

Kwa ile nyongo. Mishale iliyochovywa Lerna ilimpa Herakles silaha isiyo na tiba, na isiyo na tiba hata kwa marafiki. Akiwa njiani kumtafuta nguruwe wa Erymanthos alikaribishwa na Pholos, mmoja wa wale nusu mtu nusu farasi. Ugomvi wa mvinyo ukazuka na wenzake, Herakles akawarushia mishale. Mmoja ukapenya mkono wa mlengwa na kumkwama gotini Cheiron, mzee mwema asiyeweza kufa, akabaki na jeraha lisilopona. Kisha Pholos mwenyewe akauchomoa mshale kwenye maiti, akiushangaa jinsi kitu kidogo vile kilivyoangusha wakubwa. Ukamteleza mkononi, ukamwangukia mguuni, akafa palepale.

Miaka mingi baadaye Nessos, mvushaji wa watu kwa malipo katika mto Euenos, alimbeba Deianeira, mke wa Herakles, akataka kumnajisi. Herakles akamchoma mshale akiwa ng'ambo. Katika kufa kwake Nessos alimwambia Deianeira aihifadhi damu yake iwe limbwata la kumrudisha mume akitangatanga. Damu ile ilikuwa imepitiwa na mshale wa Hydra. Siku Deianeira aliposikia mumewe ana mwanamke mwingine, Iole, aliipaka kwenye vazi na kumpelekea. Katika tamthilia ya Sophocles anang'amua kosa kwa kitu kidogo: fumba la sufu alilopakia dawa, alilokuwa amelitupa juani, limekwisha kuwa unga, na pale chini povu linachemka. Amechelewa. Vazi lilipopata joto kwenye mwili wa Herakles, likamganda na kumla nyama. Akajengewa tanuri la kuni la kumchomea juu ya mlima Oite.

Kwa hiyo usemi wetu ulisimama juu ya jambo hili: mshale aliompigia Nessos ndio uliomrudia, na sumu yake ilitoka Lerna.

Nimesikia wanyama hawa wako angani. Kutoka huku kwetu wanaonekana? — Nahodha, Mtongwe

Wanaonekana vizuri, nahodha, na wengine vizuri kuliko huko Ugiriki. Kati ya mwisho wa Machi na katikati ya Aprili, saa tatu usiku, tazama utosini. Simba wa Nemea ndiye buruji la Asadi, kaskazini kidogo ya utosi, na nyota yake kali ni Regulus. Upande wake wa magharibi kuna Saratani, yule kaa aliyepondwa. Nyota zake ni hafifu, utahitaji mahali pasipo na taa za mji. Hydra ndilo kundi kubwa kuliko yote 88 ya anga. Kichwa chake kiko karibu na Saratani, nyota yake nyekundu, Alphard, inapita karibu sawasawa na utosi wa Mombasa, na mkia unashuka mbali kusini mashariki.

Herakles mwenyewe msubiri Julai, saa hiyohiyo, ukielekea kaskazini. Wagiriki walimwona kichwa chini, magoti juu. Kutoka Mombasa amesimama wima, kichwa juu, na mguu wake umefika kwenye kichwa cha Draco, joka lililolinda matufaha ya dhahabu.

Herekali wa Utendi wa Tambuka ndiye Herakles huyuhuyu? — Msomaji, Kibokoni

Siye. Herekali aliyetungiwa na Mwengo wa Athumani kule Pate, mwaka 1728, ni Heraclius, mfalme wa Rumi ya mashariki aliyetawala Konstantinopoli kuanzia 610 hadi 641, zama za Mtume (S.A.W.). Ni mtu wa historia, mwenye dola na majeshi. Uhusiano wao ni jina tu: wazazi wa Kigiriki waliendelea kuwapa watoto wao majina yatokanayo na Herakles kwa karne nyingi baada ya hekalu la mwisho kufungwa. Katika utenzi ule hutakuta simba wala Hydra. Vita vyake ni vya watu na watu.